Mfumo Mpya Unagoma Kuingia Kwenye Kompyuta ya Zamani: Tafuta Ulipokwamia

Tangu Windows 10 iache kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mezani kwangu zimekuwa zikija mashine za aina moja: Dell Latitude, HP EliteBook na ThinkPad za kati ya 2011 na 2014, zilizotumika maofisini ughaibuni kabla ya kufika huku kama mitumba. Windows 11 inazikataa. Inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele, wakati nyingi ya hizi zina Core i5 ya kizazi cha pili au cha tatu. Basi mwenyewe anaamua kufuta kila kitu na kuanza upya. Mimi kwa mashine yenye RAM ya GB 4 huwa napiga Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure na mwepesi unaokaa badala ya Windows: toleo la 22 litapata masasisho hadi 2029, na linaridhika na GB 2 za RAM ingawa 4 ndizo za kufanyia kazi kwa amani.

Shida ni kwamba mashine ikigoma, watu hurudia. Wanapiga mara ya pili, ya tatu, ya nne, kwa flashi ileile na mpangilio uleule. Bando linaisha, siku inaisha. Naomba ufanye kitu kimoja kabla ya kurudia: jiulize imekwama wapi. Kazi hii ina vituo. Mashine lazima iione flashi, flashi ipakie kisakinishi, kisakinishi kiione diski, mafaili yanakiliwe hadi mwisho, kisha mashine iwake kutoka kwenye diski yake yenyewe. Kila kituo kina magonjwa yake, na ugonjwa wa kituo kimoja hautibiwi kwa dawa ya kingine. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, ujaribu, ndipo uguse kingine.

Na kabla ya chochote, hamisha mafaili. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona watu wanalia. Wengi wetu tumezoea kuweka picha na kazi kwenye "D" tukiamini kwamba fundi akipiga Windows, D haiguswi. Zamani ilikuwa kweli kwa sababu fundi alifomati C peke yake. Ukichagua "Erase disk" kwenye Mint, au ukifuta diski nzima kwa amri, D nayo inakwenda, maana C na D mara nyingi ni vyumba viwili vya diski ileile moja. Kama Windows ya zamani haiwaki tena, washa Mint kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, fungua diski, nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Fungua picha mbili tatu uhakikishe zinafunguka huko zilikohamia. Ndipo tuendelee.

Nabonyeza F12, flashi haionekani

Dell na ThinkPad hufungua menyu ya kuwashia kwa F12. HP ni F9, au Esc kwanza kisha F9. Acer nyingi ni F12 pia, lakini lazima kwanza uiruhusu ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe, kwa kuingia na F2. Anza kugonga mara tu unapowasha, usisubiri nembo ipotee. Kama mashine ina Windows 8 au 10, izime huku umeshikilia Shift, la sivyo haizimiki kabisa, inalala nusu, na inapoamka inaruka moja kwa moja kwenye Windows.

Menyu ikija lakini flashi haimo, hamisha tundu kwanza. Tundu la USB la rangi nyeusi ni salama zaidi kuliko la buluu kwenye mashine za umri huu. Anayepiga Windows 7 atajua hili kwa maumivu: kisakinishi chake hakina draiva ya USB 3.0, kwa hiyo ukichomeka kwenye tundu la buluu kinaanza vizuri, kisha kinaomba draiva, na hata kipanya kinakufa.

Baada ya tundu, angalia flashi ilivyotengenezwa. Faili la ISO, yaani mfumo mzima uliofungwa ndani ya faili moja, halinakiliwi kama wimbo. Linaandikwa kwa programu kama Rufus. Kuburuta faili na kuliacha kwenye flashi hakutoshi. Na wanaofungua ISO ya Windows 10 na kunakili yaliyomo kwa mkono wanagonga ukuta mwingine: faili la install.wim mara nyingi linazidi GB 4, na flashi iliyofomatiwa FAT32 haibebi faili la ukubwa huo.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanalipita bila kulitazama. Flashi moja inaweza kutokea mara mbili kwenye menyu, mara moja chini ya Legacy na mara moja chini ya UEFI. Sio kitu kimoja. Ukichagua Legacy, mfumo utasakinishwa kwa njia ya zamani. Ukichagua UEFI, kwa njia mpya. Andika kwenye karatasi ulichochagua. Utakihitaji mara mbili huko mbele.

Inaanza, kisha kioo kinakuwa cheusi au maandishi yanasimama

Kioo kikiwa cheusi lakini feni inazunguka na taa ya diski inapepesa, mara nyingi ni kadi ya picha. Kwenye menyu ya mwanzo ya Mint chagua "compatibility mode", au ongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia. Ikishasakinishwa utaweka draiva inayofaa kupitia Driver Manager.

Ukiambiwa "This kernel requires an x86-64 CPU", prosesa yako ni ya biti 32 na mfumo ulioshusha ni wa biti 64. Debian 12 bado ina kisakinishi cha biti 32. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 imekiondoa. Kwa mashine ya RAM ya GB 1 yenye prosesa ya namna hiyo, ushauri wangu ni kuiacha ipumzike, hata kama itawaka. Itashindwa kufungua kurasa za leo na mwenyewe atakulaumu wewe.

Mistari mingi inayoanza na "SQUASHFS error" ni habari tofauti. Maana yake kisakinishi kinashindwa kusoma vilivyomo ndani yake chenyewe. Hapo mshitakiwa ni flashi, au faili liliharibika wakati wa kushusha. ISO ya Mint ni karibu GB 3, na mtandao unaokatika njiani unaweza kukupa faili lenye ukubwa unaofanana na la kweli lakini lililooza ndani. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

kisha linganisha namba itakayotoka na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa rasmi ulikolishusha. Herufi moja ikitofautiana, shusha upya.

Namba zikilingana, ishuku flashi. Niliwahi kununua flashi iliyoandikwa GB 64 kwa bei iliyonifurahisha. Kila nilichoandika humo kilionekana kipo, majina ya mafaili yote mahali pake, lakini kila usakinishaji ulikufa njiani. Nilipoipima kwa programu ya h2testw, ambayo huijaza flashi nzima kisha huisoma yote tena, iligundulika ina GB 8 tu za kweli. Kila kilichozidi hapo kilikuwa kinapotea kimyakimya. Tangu siku hiyo hakuna flashi mpya inayoingia kwenye kazi yangu bila kupimwa hivyo.

Kisakinishi hakioni diski, au kinaiona na kuikataa

Dell Latitude nyingi zina mpangilio wa SATA, yaani namna diski inavyozungumza na mashine, uliowekwa "RAID On". Kisakinishi kinaweza kufika hapo na kukuambia hakuna diski. Ingia BIOS, tafuta SATA Operation, weka AHCI, hifadhi, washa tena. Lakini fanya hivyo baada tu ya kuhamisha mafaili, kwa sababu Windows iliyosakinishwa chini ya RAID inaweza isiwake tena ukishabadilisha.

Windows nayo ina maneno yake maarufu: "The selected disk has an MBR partition table. On EFI systems, Windows can only be installed to GPT disks." Hapa ndipo karatasi yako inapohitajika mara ya kwanza. Umewasha flashi kwa UEFI, wakati diski imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR. Una njia mbili. Unaweza kurudi ukaiwasha flashi kwa Legacy, ukaiacha diski ilivyo. Au, kama mafaili yameshahamishwa, bonyeza Shift na F10 palepale kwenye kisakinishi, andika diskpart, kisha list disk, uangalie ukubwa. Usikimbilie kuandika namba. Kama kuna diski ya nje imechomekwa, nayo itaonekana kwenye orodha, na amri ya clean, inayofuta diski nzima, haiulizi mara mbili. Chomoa kila kitu isipokuwa flashi, thibitisha kwa ukubwa kwamba diski 0 ndiyo ya ndani, ndipo uandike select disk 0, halafu clean. Rudi kwenye dirisha la kisakinishi, bonyeza Refresh, uendelee.

Diski isipoonekana hata ndani ya BIOS, suala limeshatoka kwenye programu. Fungua kifuniko kwa bisibisi, chomoa diski, irudishe kwa kuisukuma hadi mwisho. Ikilia kach-kach-kach kila sekunde chache, imekufa.

Inafika katikati inakata

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu dalili moja ina wahalifu watano: flashi, diski, RAM, joto na umeme. Njia yangu ya kuwatenganisha ni kutazama namna inavyokata, na kwa hilo inabidi ukae nayo, usiende kunywa chai.

Ikikata mahali palepale kila mara, tuseme asilimia 47 leo na asilimia 47 kesho, anza na flashi kisha diski. Ikikata leo hapa na kesho pale, bila mpangilio, anza na RAM. Ikizimika ghafla kama mtu aliyechomoa waya, bila ujumbe wowote, ni joto au chaji. Na Windows ikikuletea 0x80070570, inasema faili limeharibika au halipo. Usiamini haraka kwamba ni faili, maana RAM mbovu inaliharibu faili lisilo na kosa likiwa safarini kutoka kwenye flashi kwenda kwenye diski.

RAM ipime kwa programu ya Memtest86+. Iache imalize mzunguko mzima, ikiwezekana usiku kucha. Kosa moja tu jekundu linatosha, usijiambie ni moja kati ya mamilioni. Zima, toa betri, chomoa vipande vyote viwili, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu, rudisha kimoja, pima. Kisha kingine. Mara nyingi ni kutu nyepesi ya pwani iliyokaa kwenye meno, na kifutio kinamaliza. Kipande kikiendelea kuleta makosa kikiwa peke yake, kwenye tundu lolote, kitupe. Afadhali mashine ya GB 2 inayosema kweli.

Diski ina ushahidi wake. Kwenye Dell bonyeza F12, chagua Diagnostics. Ikikuletea 2000-0142, diski imeshindwa kujipima yenyewe. Kwenye mashine nyingine, washa Mint kutoka kwenye flashi, fungua programu ya Disks, angalia taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ya diski. Mistari miwili ndiyo ninayoisoma kwanza: Reallocated Sector Count na Current Pending Sector. Wa kwanza unahesabu sehemu zilizokufa zikahamishiwa akiba, wa pili unahesabu sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma sasa hivi. Huo wa pili ukizidi sifuri, simama. Usiendelee kuilazimisha, kwa sababu kila jaribio la kuandika linapunguza nafasi ya kuokoa yaliyobaki. Nunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, hata ya GB 120. Kwa mashine ya 2011 hicho ndicho kitu kimoja kitakachomfanya mwenye nayo adhani amenunua kompyuta mpya, zaidi hata ya kuongeza RAM.

Joto unaweza kulihisi kwa kiganja. Kisakinishi kinaifanyisha prosesa kazi kwa dakika 20 mfululizo, jambo ambalo huenda mashine haijafanya kwa miaka. Fungua chini, toa feni. Usiishie kufuta mapanga yake. Angalia kati ya feni na yale mabati membamba ya kupoozea, pale hewa inapotokea: utakuta vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi la kijivu, limeziba kabisa, na ukiliinua kwa kibanio linatoka zima. Feni ilikuwa inazunguka ikipuliza ukutani. Ukishafika hapo, futa na ile pesti ya kupoozea iliyokauka juu ya prosesa, paka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Kuhusu umeme, nina sharti moja tu. Betri ya mashine kama imekufa na haishiki hata dakika 5, usianze kusakinisha bila UPS. Umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, utarudi mwanzo.

Imemaliza vizuri, ukiwasha inasema hakuna mfumo

Umetoa flashi? Kama umeitoa, ingia BIOS uangalie mambo mawili. La kwanza ni mpangilio wa kuwasha, diski ya ndani iwe juu. La pili ni ile karatasi yako: ulisakinisha kwa UEFI au Legacy? BIOS ikiwa imewekwa kinyume na ulivyosakinisha, mfumo upo mzima kwenye diski lakini mashine inapita mlangoni bila kuuona. Badilisha BIOS ifanane na karatasi, usisakinishe upya.

HP za miaka ya 2012 hivi zina tabia ya peke yao. Unasakinisha Linux kwa UEFI, kila kitu kinakwenda sawa, kisha inakuambia "Boot Device Not Found" na chini yake "Hard Disk (3F0)". Diski haina kosa. Baadhi ya HP hizo zinatafuta kiwashio cha Windows tu na hazijali kingine. Ndani ya BIOS kuna sehemu ya "Customized Boot". Andika humo \EFI\ubuntu\shimx64.efi. Njia hiyo inaandikwa ubuntu hata kwa Mint, kwa sababu Mint ya kawaida imejengwa juu ya Ubuntu. Kama BIOS yako haina sehemu hiyo, sakinisha upya kwa Legacy. Ni njia ya zamani lakini kwa mashine hizi inatulia.

Ikiwaka tu flashi ikiwa imechomekwa, basi GRUB, kiwashio cha Linux, iliandikwa kwenye flashi badala ya diski. Hutokea ukichagua "Something else" na kusahau mstari wa chini kabisa unaouliza kiwashio kiwekwe wapi.

Na kuna dalili moja iliyonifundisha kutazama saa ya BIOS kabla ya kitu chochote. Kompyuta ya mezani ya steshenari: nimepiga Windows 10, imefanya kazi siku nzima, wamechapa barua na kutoa nakala. Kesho yake asubuhi, skrini ya buluu, "INACCESSIBLE BOOT DEVICE". Nikapima diski, nzima. Nikapima RAM, nzima. Nikapiga upya, ikafanya kazi siku nzima. Kesho yake, buluu tena. Siku ya tatu dada wa dukani akataja, katika mazungumzo ya kawaida, kwamba wakifunga wanazima swichi ya ukutani ili kuokoa umeme. Nikaingia BIOS. Tarehe: 1 Januari 2010. Mpangilio wa SATA niliouweka AHCI ulikuwa umerudi ulivyotoka kiwandani. Ile betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, CR2032, inapaswa kuwa na volti 3. Niliipima kwa mita ikasoma chini ya 2. Mchana umeme wa ukutani uliibeba. Usiku BIOS ilisahau kila kitu, na asubuhi Windows ikakuta mlango wa diski umebadilishwa. Nilibadilisha betri, nikarudisha AHCI, na Windows ileile ikawaka bila kusakinishwa mara ya tatu.

Inawaka, lakini

Tovuti zote zinadai cheti si salama, au Mint inakataa masasisho ikisema "Release file for ... is not valid yet": rekebisha tarehe, kisha rudi kwenye betri tuliyoitaja.

WiFi haipo: kadi nyingi za Broadcom hazifanyi kazi mpaka ziwekewe draiva. Chomeka simu ya Android kwa kebo, washa kushirikisha intaneti kwa USB, fungua Driver Manager, iache ishushe. Dakika chache tu.

Windows inadai ufunguo: mashine iliyotoka kiwandani na Windows 8 au zaidi ina ufunguo wake ndani ya BIOS, na kisakinishi huusoma chenyewe iwapo unarudisha Windows ileile iliyotoka nayo, toleo kwa toleo. Za Windows 7 hazina. Ufunguo wao uko kwenye stika chini ya mashine au ndani ya sehemu ya betri. Upige picha kabla haujafutika kabisa.

Mwisho, mimi hubandika kipande cha karatasi ndani ya kifuniko cha betri: kitufe cha menyu ya kuwashia, UEFI au Legacy, SATA iko AHCI, betri ya CMOS (ile CR2032) imebadilishwa mwezi gani. Fundi atakayeifungua baada yangu hatanijua, lakini ataanzia nilipoishia.